Kimya cha Ukumbi Mtupu

Taa za mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, zilikuwa zikicheza mahali pasipokuwa na sauti yoyote. Fundi aliziona, akafikicha macho, akarudisha wimbo nyuma kidogo. Sauti ya mke wake ikaingia, nyororo, haina kasoro: "Nani yuko nami?" Kisha likaja lile pengo aliloliacha kwa makusudi, kimya kitupu cha kuvuta pumzi na kuishusha. Na humo ndani ya kimya, vitaa vya kijani vikapanda kidogo, vikasita, vikashuka. Akabana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili. Hakusikia kitu. Akairudia sehemu ile, na taa zikafanya vilevile, kama zinavyofanya mtu anaposema neno moja fupi.

"Waya huu," alijiambia. Kila fundi wa sauti ana jibu hilo mfukoni, na mara nyingi huwa ni kweli.

Mtaani walimwita Fundi Kimya. Si kwamba alikuwa mpole. Mdomo alikuwa nao, tena wa kutosha na kubaki. Jina lilitokana na kazi. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyoishi, kuta zote amezibandika trei za mayai na magodoro yaliyostaafu, na kila alipotaka kurekodi alitoa kichwa mlangoni akapaza sauti, "Kimyaaa!" mpaka majirani wakazoea kuwafinya watoto wao. Feni ilizimwa. Jokofu lilichomolewa, maana lilikuwa na mngurumo ambao yeye peke yake aliusikia, na kwa kuwa alikuwa msahaulifu wa kupindukia, lilibaki limechomolewa hadi kesho yake.

"Maziwa yameganda tena, Baba Kasuku," mke wake angemwambia, ameshika chupa mbali na pua.

"Lakini wimbo umetoka safi."

"Basi mtoto anywe wimbo."

Mke huyo, Mama Kasuku, alikuwa ndiye mwimbaji mkuu wa bendi ambayo wimbo wake ulikuwa ukipikwa siku ile. Kasuku alikuwa binti yao wa pekee, ndio kwanza ameanza shule, na jina hilo alipewa kwa tabia yake ya kudaka kila neno aliloimba mama yake na kulirudisha kama lilivyo. Alikuwa mtoto wa maswali. Kwa nini mwezi unatufuata? Kwa nini baba hana nywele pale katikati? Akiamka anauliza, akilala anauliza, na baba yake, ambaye hakuvumilia hata mlio wa jokofu, aliweza kukaa saa nzima akimsikiliza. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi, na hakuona haya kusema.

Mume na mke walipendana, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuwahi kukubaliana. Mume aliamini kwamba muziki wa kweli ni ule uliorekodiwa. "Ukumbini mtu anakohoa," alikuwa akisema, "mwingine anaita soda, spika zinapiga mluzi, na wewe mwenyewe mke wangu, usinune, huwa unapayuka. Mtu anatoka pale amesikia jasho, hajasikia wimbo. Njoo kwangu nikusikilizishe ulivyo hasa."

"Nilivyo hasa nimo katika kile kikohozi," mke alijibu. "Rekodi yako ni kama picha ya pasipoti. Ni mimi, sikatai, lakini nani ataitundika sebuleni? Nikiimba ukumbini, wimbo unaniona. Watu wakichoka nauinua, wakilia nausubirisha. Wa kwako hauoni mtu. Hata nyumba ikiungua utaendelea tu kuimba."

Ndipo ulipokuja wimbo ule wa kuitana. Bendi ilikuwa imeupiga kwa miaka katika ukumbi mmoja wa zamani wa dansi, na hapakuwa na shabiki asiyeujua. Mwimbaji anaita, "Nani yuko nami?" bendi inakatika ghafla, na ukumbi mzima unajibu kwa mpigo mmoja, "Mimi!" Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, mpaka ngozi inasisimka. Kiongozi wa bendi, mzee mpiga besi, mwenye tumbo lililobeba gitaa bila msaada wa mkanda, alitaka siku ya kurekodi waite majirani waje kuitikia.

"Majirani?" Fundi alishtuka. "Waingie humu na kandambili zao? Hapana, mzee. Pengo tuliache wazi. Mtu akiwa kwake anausikiliza, ataitikia mwenyewe."

"Peke yake?"

"Peke yake. Kuna ubaya gani?"

Mpiga besi alikuna shingo, akasema hana la kusema, yeye besi yake imesikika. Basi pengo likaachwa. Ila lilipoachwa, Fundi hakuliridhia. Kimya cha chumba cha trei za mayai ni kimya kilichokufa, na wimbo ulipofika pale ulikatika kama mtu aliyetumbukia shimoni. Kila chumba kina kimya chake. Mafundi wa sauti wanalijua hilo, na hubeba kimya cha mahali kama wengine wanavyobeba mchanga wa kujengea. Alichohitaji ni kimya cha ukumbi ule ule wa dansi.

Ukumbi ulikuwa umefungwa muda mrefu, unasubiri kubomolewa. Mlinzi alimpa funguo akabaki nje kivulini, akisema yeye ndani haingii jua likiwa utosini. Fundi alicheka. Akaingia peke yake na kinasa sauti chake, akapita kati ya viti vilivyopandishwa juu ya meza, akasimama pale ambapo watu walikuwa wakicheza. Palikuwa na harufu ya vumbi, ya mbao zilizolowa, na chini yake harufu nyingine, tamu, ya manukato ya zamani, kana kwamba mwanamke aliyejipamba amepita sasa hivi. Akaweka maikrofoni juu ya kiguu chake. Akataka kwanza kujua mwangwi unarudi vipi. Na yeye, asiyeweza kuimba hata kumbembeleza mtoto, akakohoa, akaita kwa sauti kubwa ndani ya jumba lile tupu:

"Nani yuko naaami?"

Mwangwi ulikwenda, ukazunguka, ukarudi. Akaridhika, akawasha kinasa sauti, akasimama tuli. Bibi yake alikuwa amemwonya tangu utotoni asiitike akiitwa na asiyemwona. Hakuna aliyewahi kumwonya asiite. Muda wote aliosimama pale, malaika ya shingo yalimsimama, na aliona dhahiri, bila kujua ameonaje, kwamba kimya kile hakikuwa kimya cha mahali pasipo na mtu. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeulizwa jambo na anafikiri. Alizima mashine kabla ya muda aliopanga, akatoka akijifanya ana haraka.

Hicho ndicho kimya alichokipachika katika wimbo, na humo ndimo taa zilimokuwa zikicheza.

Alimwita mke wake. Mama Kasuku alikuja na mikono ya unga, akasimama nyuma ya kiti, na Fundi akaufungulia wimbo kwenye spika kubwa. Taa zikapanda, zikasita, zikashuka.

"Umeona?"

Mke hakucheka kama alivyotarajia. "Kimya chako kina mtu," alisema.

"Waya tu."

"Waya unavuta pumzi? Hebu nirudishie."

Aliirudisha. "Nani yuko nami?" iliuliza sauti kutoka kwenye spika, na kabla taa hazijacheza, mlango ulisukumwa, Kasuku akatumbukia ndani na begi la shule mgongoni, na kama alivyozoea kila alipopelekwa kumwona mama yake jukwaani, akatupa mikono juu akaitikia kwa furaha zote:

"Mimi!"

Taa zililala chini kabisa. Feni ikajizungusha kidogo, nayo ilikuwa imezimwa. Fundi alirudia pengo lile mara nyingi baadaye, na taa hazikucheza tena. Aliona afueni. Alisema waya umejirekebisha, na jioni ile akala vizuri.

Kesho yake nyumba ilikuwa na harufu ya mbao zilizolowa. Mama Kasuku alitafuta bomba linalovuja, hakuliona. Akaanika magodoro. Harufu ikabaki, na chini yake ikaja ile tamu, hafifu, hasa kwenye korido baina ya chumba cha mtoto na studio.

Aliyegundua jambo kubwa zaidi alikuwa Fundi mwenyewe, kwa kuwa masikio ndiyo kazi yake. Kuna sauti ilikuwa imepungua ndani ya nyumba. Aliwaza ni jokofu, akaenda kulitazama, lilikuwa linanguruma. Ndipo alipotambua kwamba Kasuku hakuuliza swali lolote tangu jana. Ukimsemesha alijibu, tena kwa adabu, lakini hakuanza yeye. Alikaa na mikono mapajani, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu aliye kwenye simu.

"Umechoka, mwanangu?"

"Hapana, baba."

"Kuna aliyekuudhi shuleni?"

"Hapana, baba." Halafu, baada ya kitambo, akiwa anatazama korido, "Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

Lile "ndiyo" halikuwa la kumjibu baba.

Wakaanza kuyasikia majibu hayo kila pembe. Mama anamsuka mtoto nywele, mtoto anasema, "Mama hulala upande wa kushoto." Wako mezani, kijiko kinasimama karibu na mdomo, "Hapana, baba hana masikio ya usiku, huwa analala kabisa." Mama anamwogesha, maji yanamtiririka usoni, naye kwa sauti ile ile ya adabu, "Manne. Jino moja limeng'oka." Hakuna aliyemuuliza ana mapengo mangapi wala nani analala upande gani. Na kabla ya kila jibu kulikuwa na kimya kidogo, na Fundi, ambaye alivijua vimya kama wengine wanavyojua sura za watu, alikitambua: kilikuwa na upana ule wa ukumbi wa dansi, ndani ya jiko lao dogo.

"Anaongea na nani?" Mama Kasuku alinong'ona chumbani, mlango umefungwa.

"Watoto huwa na marafiki wa kubuni."

"Rafiki wa kubuni anauliza meno?" Alimshika mumewe mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Baba Kasuku, ulikwenda kuchukua nini kule?"

"Kimya."

"Cha nani?"

Fundi alijaribu tena kitasa cha mlango. Alijiona mjinga, na alimwogopea mtoto wake kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Magharibi ya siku ya tatu Mama Kasuku alikuwa anafunga madirisha na Fundi anakunja nguo, wote wawili wakijifanya ni jioni kama jioni nyingine, na mtoto alikuwa amekaa sakafuni kwenye mlango wa korido akipanga vifuniko vya soda, pole pole, kimoja kando ya kingine, na harufu ile tamu ikaja kwa nguvu hata pazia likaonekana kama limelowa, na taa ya sebuleni ikafifia bila kuzimika, na kule studio, ambako kila kitu kilikuwa kimezimwa na kuchomolewa, kitaa kimoja cha kijani kikaonekana kupitia upenyo wa mlango kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, muda mrefu, kama cha mtu anayeeleza jambo kwa utulivu na kwa urefu, anayeeleza njia ya kufika mahali, na Kasuku akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kifuniko cha mwisho, akatikisa kichwa kukubali.

"Jumamosi," alisema. "Nitakuja mwenyewe. Nitavaa viatu vyekundu."

Mama Kasuku alipiga ukelele, akamnyakua.

Mganga ambaye mpiga besi aliwapeleka kwake alikuwa mama wa makamo aliyeishi ghorofani, mwenye miwani na kiti cha kuzunguka, na aliyewaomba wavue viatu kwa ajili ya zulia jipya. Fundi alijiandaa kutomwamini. Lakini yule mama hakutikisa kitu wala kuchoma kitu. Alimtazama Kasuku, akamuuliza maswali madogo madogo, na kila mtoto alipojibu alitazama ukutani nyuma yake. Kisha akawataka wazazi wamweleze kila kitu, na Fundi akaeleza, akianzia kwenye waya na kuishia pale alipopaswa kuanzia.

"Uliita ndani ya jumba tupu," mganga alisema. "Adhuhuri."

"Nilikuwa napima mwangwi."

"Wao hawajui kupima mwangwi. Wao wanajua kuitwa. Yule amekaa pale miaka mingi akisikia mkeo anaita na watu wanajibu, na hakuna siku aliyeitwa yeye. Umemwita. Ukamchukua ukaondoka naye kabla hajajibu. Na alipofika kwako akakuta sauti moja tu inasema mimi." Alivua miwani akaifuta. "Sauti moja. Mnaelewa? Ukumbini wanajibu watu mia tano, atamshika nani? Huyu amejibu peke yake, amejulikana."

"Tumfanyeje?" Mama Kasuku aliuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Yule mrudisheni kwao, na mtoto mumchanganye na watu. Aitwe tena, mahali pale pale, na mama yake mwenyewe, si na mashine, ajibu katikati ya watu wengi mpaka sauti yake isitofautishwe. Yule atamtafuta, atachoka. Hiyo rekodi ifute. Na baada ya hapo, mtoto huyu asisikike tena akiitikia wimbo huo peke yake. Sauti yake ibaki ndani ya zile za watu. Mkimtoa humo, msije kwangu, sitakuwa na dawa."

Fundi aliifuta rekodi jioni ile ile, wimbo wote na kile kimya. Mpiga besi naye alifanya alichokiweza mpiga besi tu. Alizunguka mji na pikipiki akitangaza kwamba bendi inauaga ukumbi wa zamani kabla haujabomolewa, Ijumaa, jua likizama, kiingilio hakuna. Mlinzi akafungua milango yote. Watu walikuja hadi wakasimama madirishani: waliochumbiana pale, waliogombana pale, wenye magongo, wenye watoto migongoni. Fundi alifunga spika, akatega maikrofoni ya mkewe, na nyingine mbili akazining'iniza kuelekea watu, kwa mazoea ya kazi. Kwa mazoea hayo hayo akawasha kinasa sauti. Hakuwahi kufanya onyesho bila kukiwasha, na siku ile hata hakujiuliza.

Onyesho lilikuwa baya kwa kila kipimo chake. Spika zilipiga mluzi. Mtu alikohoa kikohozi cha kufa mtu. Mama Kasuku, amemshika mtoto mkono kando yake jukwaani, alipayuka kama hajawahi kupayuka, kwa sababu hakuwa anaimba, alikuwa anamdai mwanawe. Harufu ile tamu ilikuwepo tangu mwanzo, imetanda juu ya jasho la watu. Na ulipofika wimbo wa kuitana, Fundi aliona Kasuku akikigeuza kichwa kuelekea nguzo za nyuma, kule kusikokuwa na mtu, akitabasamu kwa adabu.

"Nani yuko nami?"

"MIMI!" Vumbi lilidondoka darini.

"Nani yuko nami?"

"MIMI!" Fundi alikuwa anapiga kelele pamoja nao, yeye aliyeishi kwa kuwanyamazisha watu, mishipa imemsimama shingoni, na kila jibu liliposhuka alisikia nyuma ya nguzo mtu akitembea haraka, huku na huku, nguo ndefu ikiburura sakafuni, kama anayepekua umati uso kwa uso, na kila ukumbi ulipojibu hatua zilisimama, zikageuka, zikaanza upya upande mwingine.

"Nani yuko nami?" Mama Kasuku aliinama, mdomo wa maikrofoni ukawa katikati ya uso wake na wa mtoto, na Kasuku akatupa mikono juu, akaitikia pamoja na ukumbi wote.

Mlango wa nyuma ukajibamiza. Harufu ikakatika kama taa iliyozimwa, ikabaki ya jasho na vumbi, na Fundi aliona hajawahi kunusa kitu kizuri kuliko jasho lile. Mtoto alimvuta mama yake gauni.

"Mama, kwa nini yule babu analia? Mama, kwa nini tunaimba kwa nguvu hivi? Mama, nyumbani tunakula nini?"

Mama Kasuku alikaa chini pale pale jukwaani, akalia na kucheka.

Wiki zilipita, na nyumba ikajaa maswali. Jokofu lilichomolewa na kusahauliwa kama zamani. Ukumbi ulibomolewa, na wote watatu walikwenda kuutazama unavyoanguka, Kasuku akiuliza mbona kuta haziumii. Siku moja mchana mpiga besi alipiga simu.

"Albamu imekamilika, Fundi, imebaki wimbo mmoja tu. Ule ulioufuta. Mama Kasuku anasema studio hauimbi tena."

"Hauimbi, mzee. Nimemwelewa."

Alikata simu, akakaa. Mke wake alikuwa mazoezini, mtoto amelala chumbani kwake. Ndipo alipokumbuka kinasa sauti. Siku ile mke wake aliimba kuliko alivyowahi kuimba. Hata yeye, mbishi wa nyumba hii, alikuwa tayari kukiri kwamba amegeuka. Angetengeneza wimbo ule ampe kama zawadi, amwambie, haya, umeshinda, hii hapa sauti yako ya ukumbini. Akavaa hedifoni, akaufungua. Ukumbi mzima ukamwingia kichwani, moyo ukampasuka kwa furaha. Aliusikiliza wote. Ni uzuri ulioje. Tatizo lilikuwa moja tu, na lilikuwa dogo: yule wa kikohozi. Na ule mluzi. Na mlango uliojibamiza.

Vyote vilikuwa kwenye zile maikrofoni mbili za kuelekea watu. Maikrofoni ya mkewe ilikuwa safi. Vidole vikaenda vyenyewe, kama vilivyokwenda kwa miaka yote, vikashusha sauti ya ile ya kwanza, kisha ya pili, mpaka chini kabisa, na watu mia tano wakaondoka. Ikabaki bendi, mbali kidogo, na mke wake, karibu, anasikika mpaka pumzi.

"Nani yuko nami?"

Na katika lile pengo, peke yake, bila mkohozi wala kandambili, safi kuliko sauti yoyote aliyowahi kuirekodi, mtoto wake akajibu: "Mimi!"

Fundi alitabasamu. Kisha akaona kwamba wimbo umeendelea, lakini taa za zile maikrofoni mbili alizozishusha sauti zinacheza.

Akavua hedifoni pole pole. Chumba kilinuka mbao zilizolowa. Nje ya mlango, kwenye korido, mtu mdogo alikuwa amekaa sakafuni akifunga kamba za viatu vyekundu, na alikuwa akimjibu mtu kwa sauti ya adabu.

"Ndiyo, sasa nakusikia," alisema Kasuku. "Tumebaki wenyewe. Baba amewatoa wote."